Maswali ya Wasomaji: Redidoti ya Bei Nafuu Kwenye .22

Mara hii barua nyingi zimezunguka kifaa kimoja: redidoti, yaani kioo kidogo cha kulengea chenye nukta nyekundu. Majibu haya ni ya mwenye cheti cha silaha kilicho hai, anayepiga kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa. Asiye na cheti aanzie kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Mwenye cheti naye, kabla ya kuagiza kifaa cha bunduki kutoka nje, aulize hapo hapo kwanza. Mzigo ukishakwama bandarini Kilindini huwa ni hadithi nyingine.

Salaam aleikum. Nina bunduki ya .22 ya bolti, napiga karatasi mita 25 na mita 50. Redidoti za mtandaoni zafanana zote kwa macho, lakini nyingine bei yake ni mara nne ya mwenzake. Tofauti iko wapi? (Msomaji, Nyali)

Wa aleikum salaam. Tofauti haiko kwenye nukta. Ndani ya kila moja mna taa ndogo ya LED inayomulika mgongo wa lenzi, na lenzi imepakwa utando unaokurudishia wekundu huo jichoni na kuachia rangi nyingine zipite. Si leza, hakuna mwale unaokwenda shabahani. Aimpoint ya Sweden ilitoa ya kwanza mwaka 1975, kwa hivyo kutengeneza nukta si kazi ya kumtoa mtu jasho tena. Pesa huenda kwenye skrubu za marekebisho, muhuri wa kuzuia maji, ulaji wa betri na kishikio.

Kwa betri, Bushnell TRS-25 ina nukta ya MOA 3 (MOA ni kipimo cha pembe, sehemu moja ya sitini ya digrii), na betri moja ya kitufe ya CR2032 huipeleka kama saa 3,000. Ukiisahau ikiwaka, ni miezi minne. Romeo5 ya Sig Sauer na 403B ya Holosun zina nukta ya MOA 2 na watengenezaji wanahesabu makumi ya maelfu ya saa. Romeo5 hujizima yenyewe bunduki ikitulia na kuwaka ikitikiswa. Kwa .22 ambayo haina teke la kutisha, yoyote kati ya hizi yatosha.

Ukubwa wa nukta ndio wa kufikiria. MOA 1 ni milimita 29 kwa mita 100, na nusu yake kwa mita 50. Nukta ya MOA 2 basi hufunika milimita 29 kwa mita 50, ya MOA 3 hufunika 44, na ya MOA 6 hufunika 87. Duara jeusi la karatasi ya mita 50 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, lina kipenyo cha milimita 112.4, na duara la kumi ni milimita 10.4 tu. Anayetafuta kumi asinunue redidoti ya bei yoyote, anunue darubini. Redidoti ni ya kupiga upesi, macho yote mawili yakiwa wazi, kwenye shabaha za chuma na karatasi kubwa.

Nukta yangu si duara, ina mikia kama nyota. Muuzaji asema ni nzima. Ameniuzia kibovu? (Msomaji, Likoni)

Huenda ni jicho lako. Toboa karatasi kwa sindano, tazama nukta kupitia tundu hilo: ikiwa safi, kifaa ni kizima na wewe una astigimatizimu, hali ya kawaida ambayo miwani ya daktari hurekebisha. Kisha zungusha kifaa mkononi kama usukani. Mikia ikizunguka nacho, kosa ni la kioo. Ikibaki palepale, ni la jicho. Halafu punguza mwanga. Watu wengi huweka nukta kali mno, nayo huvimba.

Nilipiga ziro, yaani kulinganisha nukta na mahali risasi inapotua, kwa mita 25. Risasi zaenda chini sentimita 6 na kushoto sentimita 3. Nazungusha, mara hazisogei, mara zaruka kupita kiasi. (Msomaji, Kisauni)

Kabla ya kugusa skrubu za marekebisho, angalia kishikio, kwa sababu redidoti nyingi zinazolaumiwa hazina kosa. .22 nyingi zina reli nyembamba ya milimita 11, na redidoti huja na kishikio cha reli pana ya Picatinny. Adapta katikati yake ndiyo hulegea. Hata reli pana hazifanani: mfereji wa Picatinny una upana wa milimita 5.23 na wa Weaver milimita 4.57, kwa hivyo kishikio cha Picatinny mara nyingi hakiingii kwenye Weaver, na anayekilazimisha hukifunga kikiwa kimekaa juu juu.

Toa risasi, toa bolti, hakikisha chemba ni tupu. Fungua kila kitu, futa mafuta kwa spiriti. Weka kishikio mferejini, kisukume mbele kuelekea mdomo wa mtutu, ndipo ukaze. Bunduki ikirudi nyuma, kishikio kitakuwa tayari kimeegemea ukuta wa mfereji. Kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kijitabu chake, ambacho kwa vifaa vidogo hivi huwa karibu Nm 2 tu, nguvu ya vidole viwili kwenye ufunguo mfupi. Skrubu ndogo zinazounganisha kioo na kishikio zipate tone moja la Loctite ya buluu, gundi ya kuzuia skrubu kulegea. Usitumie nyekundu, utakuja kukata kichwa cha skrubu. Mwisho, chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye kishikio. Mstari ukikatika, imelegea, huna haja ya kubahatisha.

Sasa ziro. Bolti ikiwa bado nje, weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, tazama ndani ya mtutu hadi uone katikati ya karatasi, kisha sogeza nukta ifike hapo bila kutikisa bunduki. Rudisha bolti, piga risasi tano za aina ileile moja, mifuko ikigusa ubao wa bunduki wala si mtutu. Pima kutoka katikati ya kundi zima la matundu, usifuate tundu moja.

Kwa mita 25, kliki (hatua moja ya skrubu ya marekebisho) ya MOA 1 ni milimita 7 na kidogo. Sentimita 6 chini ni kliki 8 kwenda juu; sentimita 3 kushoto ni kliki 4 kulia. Kifaa cha nusu MOA, kama Romeo5, zidisha mara mbili: 16 na 8. Mshale kwenye skrubu huonyesha upande risasi itakakokwenda. Nukta yenyewe utaiona ikienda kinyume, usishtuke.

Kuhusu "hazisogei, kisha zaruka": springi ya ndani inakwama. Pita kliki tatu zaidi ya unazotaka, rudi tatu, gonga kiwiliwili cha kifaa taratibu kwa mpini wa plastiki wa bisibisi, piga mbili za kutupa, kisha tano za kupima. Ukitaka hukumu kamili, piga mraba: kliki 20 juu, 20 kulia, 20 chini, 20 kushoto, ukipiga kundi kila kona kwa kulenga palepale. Kwa kliki za MOA 1 kila upande uwe karibu milimita 145, na kundi la mwisho liangukie la kwanza. Lisipoangukia, rudisha dukani na karatasi hiyo mkononi.

Malizia ziro kwa mita 50. Hapo, kwa mita 25 utapiga juu kama sentimita 1, na kwa mita 100 risasi itaanguka sentimita 20 hivi au zaidi, kutegemea kasi yake.

Yangu huzimika katikati ya mashindano na kuwaka nikiigonga. Naishi Bamburi, karibu na bahari. (Msomaji, Bamburi)

Toa betri usome mgongo wake. CR2032 ina unene wa milimita 3.2, CR2025 ina 2.5. Zote ni volti 3, upana mmoja, na muuza saa akiishiwa moja hukupa nyingine. Hiyo pengo ya milimita 0.7 ndiyo inayokata umeme bunduki ikirudi.

Ikiwa ni 2032 halisi, tazama kijani au weupe kwenye miguso: ni chumvi. Sugua kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa spiriti, paka mafuta membamba ya silikoni kwenye mpira wa kifuniko. Skrubu za chuma ndani ya alumini huliwa upesi na upepo wa pwani, hasa Kusi ikivuma, basi zikague kila mwezi. Lenzi usiifute kavu, chumvi hukwaruza utando: puliza, lowesha kwa maji safi ya kuongezea betri (si ile asidi yake), ndipo upanguse. Na usiifungie kwenye mfuko wa ngozi. Ngozi huvuta unyevu, na kuvu akishaota kwenye lenzi hatoki bila kuacha alama. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa mpira na vifuko vitatu vya silika vyatosha.