Asilimia ya nini? Jibu hilo kwanza kabla hujalipia GRE

Usimsikilize aliyekwambia ujumlishe.

Mdogo wangu wa Nachingwea, umeuliza mambo matatu. Bei ya ufuta ikipanda asilimia 25 mwaka wa kwanza, kisha ikashuka asilimia 20 mwaka wa pili, je ni kweli imebaki juu kwa asilimia 5 kama mdau alivyokujibu? Ununue kitabu gani? Na mtihani wa GRE, huu wa kuombea masomo ya uzamili, uufanyie nyumbani au upande basi mpaka Dar? Leo najibu la kwanza tu, hayo mawili yasubiri. Nimesoma majibu ya hapo juu, moyo umeniuma. Hiyo asilimia 5 ndiyo iliyonila mimi.

Bei haijapanda hata senti. Anza na 100. Asilimia 25 ya 100 ni 25, umefika 125. Sasa inashuka asilimia 20. Ya nini? Ya 125, si ya 100 tena. Asilimia 20 ya 125 ni 25. Umerudi 100 palepale ulipoanzia.

Mimi nilifundishwa kama huyo mdau anavyokufundisha wewe. Tulikuwa saba katika chumba cha kupanga hapa Mtwara mjini, tunalipa elfu hamsini kila mtu kwa mwezi, na mwalimu akituimbisha: ikipanda jumlisha, ikishuka toa. Mmoja wetu aliuliza, asilimia mbili za vitu viwili tofauti zinajumlishwaje? Akajibiwa kwamba anachelewesha wenzake. Mpaka leo nikikumbuka jibu lile nakasirika, kwa sababu yule binti ndiye aliyekuwa sahihi na sote tulimnyamazisha. Mtu anayepokea hela ya mzazi wa mtu hana ruhusa ya kufundisha kitu asichokijua.

Basi nikaenda nacho hicho. Ada ilikuwa dola 220, zaidi ya laki tano kwa wakati ule, hela ya korosho za mama kule Newala. Sehemu ya kwanza ya hesabu ina maswali 12 kwa dakika 21. Maswali yenyewe siyaweki hapa, ila mtindo ulionimaliza ni huu, namba nimeweka zangu: wanafunzi wa chuo wameongezeka kwa asilimia 25 na sasa ni 600, mwanzo walikuwa wangapi?

Nikafanya kama nilivyoimbishwa. Walipanda, basi narudi kwa kutoa. Asilimia 25 ya 600 ni 150, nikatoa, nikapata 450. Nikatazama machaguo: 450 ipo! Nikatabasamu, nikabonyeza, nikaenda mbele. Sikiliza vizuri hapa. Jibu lako kuwepo kwenye machaguo si ushahidi kwamba umepata. Watunzi wanajua kosa utakalofanya, wanalipiga hesabu kabla yako na kuliweka hapo likusubiri. Kalkuleta ya kwenye skrini haikusaidii, itakupa 450 safi kabisa bila kukuuliza kitu.

Jibu ni 480. Ile 25 ilikuwa asilimia ya idadi ya zamani, ambayo huijui, wala si ya 600. Idadi ya zamani mara 1.25 ndiyo 600, kwa hiyo unagawanya: 600 kwa 1.25. Hakiki: robo ya 480 ni 120, jumlisha na 480, unapata 600. Sekunde kumi tu za kuhakiki, nami sikuzitumia.

Na kosa la namna hii halikai peke yake. Nililirudia kila asilimia ilipojitokeza, kwenye bei na kwenye majedwali. Ukiharibu sehemu ya kwanza, ile ya pili yenye maswali 15 inakuja nyepesi, na alama za juu zinakuwa mbali nawe. Chuo kilitaka 160 kwa 170. Nilipata 156. Ufadhili ukaenda kwa mwingine.

Nililielewa kosa nikiwa kwenye basi la kurudi, tumesimama Nangurukuru. Kijana kaleta korosho dirishani, pakiti buku mbili jero. Mama wa kiti cha mbele akamwambia juzi nilinunua buku mbili, nipunguzie hicho mlichoongeza. Kijana akakubali, akarudisha jero. Nikabaki naitazama ile sarafu mkononi mwake. Ilipopanda, jero ilikuwa juu ya 2,000, yaani robo, asilimia 25. Iliposhuka, jero ileile ilitoka kwenye 2,500, yaani moja ya tano, asilimia 20. Hela ni moja, asilimia ni mbili. Kutoka pale mpaka Mingoyo sikusema na mtu.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja tu, na nakuomba uichukue kama ilivyo: kila unapoona alama ya asilimia, chukua kalamu uandike mbele yake "ya nini?", na ulijibu kwa maneno kabla hujagusa namba yoyote. Ya bei ya zamani. Ya bei mpya. Ya wasichana tu, si ya darasa zima. Nilirudia mtihani (wanaruhusu baada ya siku 21, ila ada unalipa upya yote), na karatasi yangu ya rafu ilijaa "ya nini" kuliko namba. Nilipata 163.

Kanuni hiyo inakuvusha hata penye mitego mibaya zaidi. Wasichana walikuwa asilimia 40 ya darasa, sasa ni 50: zimeongezeka pointi 10, lakini sehemu yao imekua kwa asilimia 25, kwa sababu 10 unaipima juu ya 40.

Au chukua muhogo, sisi wa huku tunauanika kila mwaka. Kilo 100 za muhogo mbichi, tuseme asilimia 60 ni maji. Umeuanika mpaka makopa yamebaki na maji asilimia 20. Yana kilo ngapi? Mtu wa kujumlisha na kutoa atasema 60, maana kutoka 60 mpaka 20 zimepungua 40. Mama yangu hajasoma GRE, lakini ukimletea kilo 60 atakwambia hayajakauka. Maji ni asilimia 20 ya nini? Ya makopa, si ya muhogo ule mbichi. Kitu ambacho jua halikukigusa ni kilo 40 za unga wenyewe.

Endelea hapo nilipoishia mimi, andika "ya nini" kila mahali, kisha ubandike hatua zako zote kwenye uzi huu kabla hujalala. Ukipata 50 ukaweza kunieleza kwa nini, ndipo ulipie. Usipopata, usilipie kwanza, niandikie tukae nalo tena.