Dirisha la pili likitokea jeusi

Wadogo zangu mnaoanza OpenGL, mfumo wa kuchora kwa kadi ya picha, siku hii itawafika: dirisha la kwanza linachora vizuri, mnafungua la pili, linatokea jeusi tii na programu haisemi neno. Mimi nilikuwa naandika kwa C++ na GLFW, maktaba ya kufungulia madirisha, programu ya kuonyesha umbo la pande tatu (3D): dirisha moja unalizungusha, jingine unalitazama kutoka juu. Siku mbili nzima niliandika upya sheda, zile programu ndogo za uchoraji zinazoendeshwa kwenye kadi ya picha, kumbe sheda zilikuwa salama.

OpenGL haijui madirisha. Inajua muktadha, yaani mkusanyiko wa hali zote za uchoraji, na kila dirisha unalofungua kwa GLFW huja na muktadha wake, isipokuwa ukikataa mwenyewe. Ndani ya uzi (thread) mmoja wa programu, muktadha mmoja tu ndio unaoshika zamu. Amri zako zote huenda kwa mwenye zamu, hata kama wewe akilini unalichorea dirisha jingine. Kwa hiyo kila mzunguko wa uchoraji, kabla ya kugusa dirisha, ita glfwMakeContextCurrent kwa dirisha hilo, kisha glViewport kwa ukubwa wake. Ukubwa huo uchukue kwa glfwGetFramebufferSize, maana kwenye skrini zenye pikseli nyingi ukubwa wa dirisha na idadi ya pikseli zake si kitu kimoja.

Hapo bado hujamaliza. Miktadha miwili haionani mpaka uiunganishe. Kigezo cha tano cha glfwCreateWindow, ambacho mifano mingi hukiachia NULL, ndicho cha kazi hiyo: kipe dirisha la kwanza unapofungua la pili. Kuanzia hapo teksicha (picha za kuvisha umbo), sheda na bafa za vipeo (hifadhi za nukta za umbo) zinatumika pande zote mbili bila kupakiwa mara mbili kwenye kadi ya picha.

Ila VAO (kitu kinachoeleza jinsi ya kusoma bafa za vipeo) haivuki, na FBO (kitu cha kuchorea kwenye teksicha badala ya dirisha) nayo haivuki. Hivi havibebi data yenyewe, vinashikilia tu viungo vya kuelekea kwenye bafa na teksicha, na viungo hivyo ni mali ya muktadha ulioviunda. Mimi niliunda VAO kwenye dirisha la kwanza nikaiita kwenye la pili. Kosa lilikuwepo, GL_INVALID_OPERATION, lakini sikuuliza kwa glGetError, na OpenGL haikuambii usipouliza. Tengeneza VAO moja kwa kila dirisha, zote zielekee bafa ileile. Kama mashine yako ina OpenGL 4.3 au zaidi, tumia glDebugMessageCallback, inayokuletea makosa bila kuyauliza, tangu siku ya kwanza, tena uisajili katika kila muktadha, kwa sababu nayo ni hali ya muktadha. Ningeijua mapema, zile siku mbili zingekuwa nusu saa.

Picha zikishatokea, angalia kasi. Kila glfwSwapBuffers, amri ya kuonyesha picha iliyokamilika, inaweza kusubiri skrini imalize kuchora. Skrini ya Hz 60 humaliza kila baada ya milisekunde 16.7 hivi, basi madirisha mawili yakisubiri kwa zamu unaweza kushuka hadi fremu 30 kwa sekunde huku kadi ya picha imekaa tu. Weka glfwSwapInterval(1), yaani subiri skrini, kwa dirisha moja na 0, yaani usisubiri, kwa mengine, na kumbuka kuwa amri hiyo pia humhusu mwenye zamu peke yake.

glfwPollEvents, inayopokea matukio kama ya kibodi na kipanya, iite mara moja kwa mzunguko, kwenye uzi mkuu tu. Inahudumia madirisha yote.

Mwisho ni kufunga. Mtumiaji akifunga dirisha la kwanza, la pili liendelee. Vitu vya pamoja hubaki hai maadamu muktadha mmoja wa kundi upo, lakini wewe uache kabisa kuligusa dirisha uliloliondoa kwa glfwDestroyWindow. Siku hizi mimi hufungua kwanza dirisha dogo lililofichwa, GLFW_VISIBLE ikiwa GLFW_FALSE, ndilo linapakia teksicha na bafa zote. Yanayoonekana yote hushirikiana nalo, na mtumiaji anayafunga kwa mpangilio wowote anaotaka.