Mama Asisikie Habari Zako kwa Jirani

Katika mji mdogo, ugomvi wa mama na binti yake haubaki ndani ya nyumba yao. Binti akionekana barabarani na mtu asiyejulikana, habari humfikia mama kabla binti mwenyewe hajafika nyumbani, tena ikiwa imekwisha kutiwa chumvi. Mama naye akimlalamikia shoga yake kidogo tu, maneno yale yale humrudia binti kabla jua halijazama. Miaka ile ambayo mimi na mama yangu hatukuelewana, tuligombana ana kwa ana mara chache. Zaidi tuligombana kupitia vinywa vya watu.

Nakumbuka jioni aliyoniuliza kama ni kweli naacha kazi. Alikuwa anakunja nguo, na hakuinua macho. Nilipojibu kwamba bado sijaamua, aliendelea kulipapasa kwa kiganja shati ambalo lilikwisha kunyooka, kisha akasema, "Mwanangu, ndiyo niwe mtu wa mwisho kujua?" Kazi haikuwa imemuuma. Kilichomuuma ni kusimama mbele ya mwanamke mwenzake na kujifanya anazijua habari za mwanawe, ilhali ndiyo kwanza anazisikia.

Kwa hiyo namshauri binti yeyote aliye katika hali hii ahakikishe kwamba jambo lake kubwa linamfikia mama kutoka kinywani mwake mwenyewe, hata akijua kwamba litapingwa. Mweleze mapema, mkiwa wawili, na umwambie wazi kama unamwomba ushauri au unampa taarifa tu, kwa sababu asipojua lipi kati ya hayo unalotaka, atashauri, nawe utaona anakuingilia. Mimi nilizoea kusema, "Mama, hili nimeshaliamua, lakini nataka ulijue wewe kabla ya mtu mwingine." Hakufurahi kila mara, lakini aliacha kunihoji kwa maneno ya kuokota.

Lililo gumu zaidi ni kuwakatia njia wachukuzi wa maneno. Mtu akikujia na "mama yako kasema hivi", hata akiwa shangazi anayekupenda, mjibu kwa adabu kwamba utamwuliza mama mwenyewe, kisha umwulize kweli, bila kumtaja aliyeleta. Msuluhishi wa haki huwaita nyote wawili na kuwasikiliza mkiwa pamoja. Anayekujia peke yako na kuondoka na neno lako hasuluhishi chochote.

Kuna pia suala la mwili, ambalo mabinti wengi hatuelezwi. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55, na miaka inayotangulia huweza kuja na kukosa usingizi, joto la ghafla na hasira za karibu. Hilo halihalalishi matusi, lakini linatosha kukufanya usianzishe mazungumzo mazito usiku, mama akiwa amechoka.

Nawe mama, ukisema "watu watasema nini", binti husikia kwamba watu hao wana uzito kuliko yeye. Itaje hofu yako yenyewe: "naogopa utaumia" ni neno analoweza kulijibu.

Haya yote ni kwa nyumba zenye kukwaruzana tu. Penye kupigwa au kutishwa, ondoka kwanza uwe salama, hata kama mji mzima utasema.