Nitajuaje kama nakua katika mazoezi ya kufundisha?

SWALI: Nasomea ualimu, na sasa niko katika mazoezi ya kufundisha Hisabati kwenye shule moja ya msingi wilayani Newala. Andalio la somo naliandika kila siku, zana ninazo, na wanafunzi hunijibu kwa pamoja kwamba wameelewa. Lakini nikisahihisha madaftari, wengi wamekosa. Mkufunzi aliyekuja kunikagua alisifu mpangilio wa ubao, na la zaidi hakusema. Nitajuaje kama nakua kikazi, au nazoea tu kusimama mbele ya darasa?

Mwalimu mwanafunzi, Newala

JIBU: Ndugu mwalimu, kuzoea kusimama mbele ya darasa si jambo dogo, ila umefanya vyema kutolihesabu kuwa ndio ukomavu wenyewe. Mwalimu anayeanza hujitazama mwenyewe: sauti, mwandiko, muda wa kipindi. Anapokua, macho yake huhamia kwa wanafunzi, na dalili ya mapema huonekana katika sehemu ya tathmini ya andalio la somo. Wengi huandika hapo "somo limeeleweka", wengine hata kabla ya kipindi kuanza (tunajuana). Wewe andika ulichokiona: kwa mfano, kwamba baadhi ya wanafunzi walidai robo ni kubwa kuliko nusu kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 2. Kosa la namna hiyo lina mantiki yake, na ukishaitambua, somo la kesho litaanzia hapo: karatasi mbili zilizo sawa, moja ikunjwe mara moja na nyingine mara mbili, kisha wanafunzi walinganishe vipande wenyewe.

Ile "ndiyo, mwalimu" ya darasa zima haipimi kitu. Uliza swali linalodai maelezo, nyamaza, ndipo umtaje wa kujibu. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu, na kwamba wakivumilia sekunde 3 au zaidi, majibu huwa marefu na wanaoshindwa kujibu hupungua. Mwanzoni sekunde hizo zitakuelemea, hasa mkufunzi akiwa amekaa nyuma ya darasa.

Mkufunzi huja na kuondoka. Aliye karibu nawe kila siku ni mwalimu wa somo aliyekukabidhi darasa. Mwombe aingie kipindini, si kukupa alama, bali kuandika maneno wanayosema wanafunzi, kisha mlinganishe aliyoyaandika na tathmini yako. Na msimu wa korosho ukikuta mahudhurio yamepungua, andika pia nani hakuwapo, kwa sababu mtoto aliyekosa kipindi hasaidiwi kwa njia ile ile ya aliyekuwapo asielewe.