Kabla ya kulitia handaki kwenye ramani

Nilipoanza kuorodhesha mahandaki ya Wachagga (mashimo ya chini ya ardhi waliyochimba kujifichia wakati wa vita) na mifongo ya zamani, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba, katika vijiji vilivyo juu ya Moshi, nilipoteza wiki nzima kwa kosa la kizembe. Mifongo niliichora kutoka kwenye ramani za karatasi za 1:50,000, kisha nikaongeza milango ya mahandaki niliyoipima kwa GPS. Nilipofungua matabaka hayo mawili katika QGIS, programu ya kuchorea ramani, kila handaki lilikuwa limehama mita 300 hivi kutoka kwenye mfongo ambao mzee mwenyeji alinionyesha kwa fimbo yake kuwa unapita jirani. Nikamshuku mzee. Kumbe ramani zile zimejengwa juu ya msingi wa vipimo (kielelezo cha umbo la dunia ambacho viwianishi huhesabiwa kutokana nacho) uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84, na katika maeneo yetu misingi hiyo hupishana kwa takriban umbali huo huo.

Tangu hapo, kila nukta yangu hubeba maelezo yake katika jedwali: msingi wa vipimo, kifaa, tarehe, na kama ilipimwa palepale au ilinakiliwa. Naandika pia makadirio ya kosa kwa mita, kwa sababu chini ya migomba na miti mirefu simu hubahatisha sana. Anayekwenda kwenye magofu ya Engaruka, makazi ya kale ya wakulima, ana mtego mwingine: longitudo 36 mashariki, iliyo mpaka wa kanda za 36 na 37 za UTM (mfumo unaogawa dunia katika kanda, kila moja ikiwa na hesabu yake ya mita), hupita kati ya Makuyuni na Mto wa Mbu, hivyo aliyeondoka Arusha mjini akiwa katika kanda ya 37 hufika akiwa katika kanda nyingine. Huko ni salama zaidi kuhifadhi latitudo na longitudo.

Limebaki suala la usiri, ambalo mimi nalipa uzito kuliko hesabu zote. Ukionekana na kifaa mkononi, wapo watakaoamini kwamba unatafuta mali zinazodaiwa kufukiwa na Wajerumani, na ukishaondoka watarudi na sururu. Kwa hiyo vipimo kamili huviweka katika faili la ofisi ya mambo ya kale, na ramani ya kugawa huonyesha miraba ya kilomita moja tu. Mahandaki mengi yamo ndani ya vihamba (mashamba ya ukoo yenye migomba) vya watu. Mwenye kihamba mmoja alinikatalia mara mbili, akakubali nishuke baada ya kuuona mraba huo na kukosa kulitambua hata boma lake mwenyewe.