Katika Safari Ndefu ya Boti ya Matanga, Panga Usingizi Wako Kwanza

Tangu niliporudi Dar es Salaam, vijana wa Msasani na Kigamboni wanaotamani kuchukuliwa kama mabaharia katika boti za matanga za wasafiri wamekuwa wakiniuliza juu ya dhoruba, papa na maharamia. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu usingizi, ilhali kwa niliyoyaona katika safari yangu ya kwanza kwenda Mahé, Shelisheli, hilo ndilo jambo ambalo mtu anapaswa kulipanga hata kabla ya kufunga begi lake.

Tuliondoka alfajiri moja ya mwezi Mei, kusi ikiwa imekwisha kushika. Kutoka hapa hadi Mahé ni takriban maili 970 za baharini kwa mstari ulionyooka, na boti inayokwenda noti 5 au 6, yaani maili 5 au 6 za baharini kwa saa, huweza kuzimaliza kwa siku 7 au 8. Sisi tulitumia siku 9, kwa sababu mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini na wakati wa kusi huwa na nguvu zaidi, hivyo ilimlazimu nahodha aubane upepo, yaani aelekeze chombo karibu na unakotoka upepo, ili tusisukumwe mbali na njia. Alasiri tuliipita Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo tambarare ambacho usiku si rahisi kukiona, na baada ya hapo hatukuona ardhi tena. Upepo ulitujia kutoka kulia, kwa hiyo chombo kililalia upande wa kushoto safari nzima. Kupika, kuoga, kuvaa suruali, yote hufanyika katika chumba kilichoinama na kinachorukaruka, na mwili huchoka bila mtu kutambua kwamba amefanya kazi.

Tulikuwa watatu: nahodha, mke wake na mimi. Zamu zilikuwa za saa tatu, kila mtu akikesha saa tatu na kupumzika saa sita, na kwa kuwa mzunguko huo hauingii sawasawa katika saa ishirini na nne, zamu zilihama kila siku. Leo unaamka saa sita usiku, kesho saa tisa usiku. Usukani ulijiendesha wenyewe kwa mtambo, lakini kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinataka kila chombo kiwe na mtu anayeangalia wakati wote, na hazikisamehi chombo kidogo chenye watu watatu.

Kosa langu lilianzia hapo. Nimelelewa nyumbani ambako kijana anayelala mchana huonekana mvivu, na siku tatu za mwanzo, kila nilipomaliza zamu ya asubuhi, nilibaki sitahani nikikunja kamba ambazo zilikwisha kukunjwa. Nilidhani ninaonyesha bidii. Usiku wa nne, katika zamu iliyoanza saa sita, niliketi nikaegemea, na nilipofumbua macho niliona mbele yetu taa nyekundu na ya kijani kwa pamoja. Ukiziona zote mbili kwa wakati mmoja, ujue meli inakuja moja kwa moja kukuelekea. Nilimwita nahodha kwa sauti, akashika usukani akakigeuza chombo kushoto huku akiiita meli ile kwa redio, chaneli 16. Ilitupita upande wa kulia, karibu kiasi cha kuisikia mitambo yake. Meli inayokwenda noti 20 huweza kukufikia ndani ya robo saa hivi tangu taa zake zilipoanza kuonekana vizuri, na mimi sikujua nilikuwa nimesinzia kwa muda gani. Nahodha hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba kuanzia siku ile kulala mchana ni sehemu ya kazi yangu.

Basi ushauri wangu ni huu: zamu ikiisha, vua nguo zilizolowa, kula kitu kidogo, kisha ulale, hata kama jua liko utosini na hata kama huna usingizi. Usichague kitanda cha omo, yaani cha mbele ya chombo, kwa sababu kina faragha, maana huko chombo hupanda na kushuka mno. Lala katikati, upande ambao chombo kimeulalia, na ufunge kile kitambaa cha pembeni kinachokuzuia usianguke. Mimi nilijifunika macho kwa kipande cha kanga, nacho kilinisaidia kuliko dawa yoyote.

Usingizi wa wenzako nao ni amana. Mwamshe anayekupokea dakika kumi na tano kabla, wala usichelewe kumpokea mwenzako, kwa sababu dakika tano kwa mtu anayetetemeka kwa baridi ya saa kumi usiku ni ndefu sana. Funga sufuria zisigongane. Hata hivyo, ukiwa na shaka, mwite nahodha mara moja. Anayeamshwa bure atalala tena. Na usiku usitoke nje bila kuufunga mkanda wa usalama kwenye chombo, kwani ukianguka peke yako waliolala hawatajua.

Chakula nacho nakihesabu katika suala hilihili, kwa kuwa kichefuchefu cha siku mbili au tatu za mwanzo humshika vibaya zaidi aliyechoka na mwenye njaa. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kung'oa nanga, wakati tumbo lingali tulivu. Vyakula vya siku hizo vipikwe nchi kavu: viazi, mayai ya kuchemsha, chapati, tangawizi ya kutosha. Kwa siku zinazofuata nunua kabichi nzima, vitunguu, ndimu, na mayai ambayo hayajawahi kuingia kwenye friji, kama yanavyouzwa katika masoko yetu. Maboksi yaache bandarini, maana mende hutaga humo. Ndizi zichanganye mbichi na zilizoanza kuiva, la sivyo mkungu wote utaiva siku moja. Maji ya kunywa tuliyahesabu lita nne kwa mtu kwa siku, na vyombo tuliviosha kwa maji ya bahari. Plastiki haitupwi baharini popote, kwa sheria na kwa heshima. Tulirudi nayo yote katika gunia.

Jambo moja la jikoni lisiachwe: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka na kujikusanya ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, ile ngama ya methali yetu ya tezi na omo, na cheche moja yatosha. Funga valvu ya mtungi kila unapomaliza kupika, hata kama chai nyingine itafuata baada ya saa moja.

Usiku wa mwisho ndio unaohitaji nidhamu kubwa zaidi, kwa sababu kila mtu anataka kukaa nje aone nchi kavu. Tulipoziona taa za Mahé ilikuwa bado ni usiku, na nahodha alikataa kuingia bandari asiyoijua gizani. Alipunguza matanga, akakisimamisha chombo mbali na pwani, akaniambia nishuke nikalale mpaka kutakapopambazuka. Moyo wangu ulitaka kubaki juu. Nilishuka, nikajifunika kile kipande cha kanga, nikalala mpaka nilipoitwa kupandisha bendera ya manjano ya kuomba ruhusa ya kuingia.