Nasomea udaktari wa DO: COMLEX itatosha, au nifanye na USMLE?

SWALI: Shikamoo, Daktari. Niko mwaka wa pili katika chuo cha udaktari wa osteopathi (DO, udaktari kamili unaoongeza tiba ya mikono), Ohio. Juni nafanya Level 1, hatua ya kwanza ya COMLEX, mitihani ya leseni ya madaktari wa DO. Nataka rezidensi (mafunzo ya ubingwa baada ya shahada) katika hospitali ambazo miaka yote zimezoea kuchukua madaktari wa MD, wenye shahada ya kawaida ya udaktari, na bado sijaamua kati ya magonjwa ya ndani na upasuaji wa mifupa. Darasani tumegawanyika: wengine wanafanya na USMLE, mitihani ya leseni ya MD, wengine wanasema ni kupoteza pesa. Mjomba wangu, aliyesoma Muhimbili, anasisitiza kwamba bila Step 1, hatua ya kwanza ya USMLE, sitapokelewa popote. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, binti. COMLEX huikwepi. Hutahitimu chuo cha DO bila kufaulu Level 1 na Level 2, na ukimalizia Level 3 ukiwa kwenye rezidensi, mitihani hiyo inatosha kukupa leseni jimbo lolote la Marekani. USMLE kwako ni hiari. Na tangu 2020, rezidensi zote zilipowekwa chini ya ithibati moja ya ACGME, chombo kinachoidhinisha rezidensi, DO na MD mnaomba nafasi zilezile.

Shida ni kwamba kuruhusiwa kuomba hakukuhakikishii kusomwa. Mimi ni DO, na kwa misimu kadhaa nimekaa kwenye meza ya kuchambua maombi. Yanakuja kwa mamia. Kwenye skrini kuna safu ya alama za USMLE. Unaweka kiwango cha chini, unabonyeza, orodha inapungua. Mwombaji ambaye safu yake ni tupu anaweza kuondoka pamoja na wenye alama ndogo, faili lake halijafunguliwa na mtu. Nimewahi kurudi kuwatafuta waombaji wa namna hiyo mmojammoja, nikakuta mmoja mwenye barua za mapendekezo nzuri kuliko za wote tuliowaita kwa usaili. Jambo lile linaniuma mpaka leo.

Tena Level 2 ya COMLEX ina kipimo chake, ambapo 400 ndiyo ya kufaulu. Mkurugenzi wa programu ya rezidensi aliyezoea Step 2 CK, hatua ya pili ya USMLE, ambayo sasa kufaulu ni 218, akiona 560 hajui aiweke wapi.

Je, ufanye Step 1? Tangu Januari 2022 haitoi alama, ni kufaulu au kutofaulu, na Level 1 ilifuata mkondo huo mwaka uleule. Yaani saa nane, maswali 280 na zaidi ya dola 600, halafu unaambiwa umefaulu tu. Step 2 CK ndiyo yenye alama, na kanuni za USMLE hazikulazimishi kutanguliza Step 1. Kwa magonjwa ya ndani, ushauri wangu ni Level 1 sasa, kisha mwakani Level 2 pamoja na Step 2 CK. Ungeniambia tiba ya familia, ningekwambia COMLEX pekee inakutosha sehemu nyingi.

Upasuaji wa mifupa ni habari nyingine. Ushindani ni mkali, na zipo programu zinazotaka Step zote mbili. Kwa hiyo wiki hii, kabla hujalipia chochote, andika programu 20 unazozitaka kweli, fungua ukurasa wa kila moja, na palipo kimya waandikie barua pepe uwaulize. Ukikuta nyingi zinadai Step 1, ifanye Juni hii karibu na Level 1, biokemia ikiwa bado kichwani. Ukingoja mwaka wa tatu utaanza upya.

Mitihani hii miwili inasomwa kwa pamoja, ila tanguliza USMLE, halafu jipe siku chache za mambo yetu ya osteopathi kabla ya COMLEX. USMLE haitakuuliza kituo cha Chapman (kifundo kidogo mwilini tunachokihusisha na kiungo cha ndani) cha kidole tumbo, kile cha kwenye ncha ya ubavu wa 12 wa kulia, wala haitakuuliza kwamba moyo unasomeka kwenye pingili za mgongo T1 hadi T5. COMLEX itakuuliza, na hizo ni alama za bure kwa aliyepitia madaftari yake. Mwakani panga yote iishe kufikia Julai, maana majibu huchukua wiki kadhaa na programu huanza kusoma maombi mwishoni mwa Septemba.

Nakuomba sana, usiingie chumba cha USMLE kwa kubahatisha. Ukianguka, hati ya matokeo inayotumwa kwa programu huonyesha kila jaribio, na kulieleza anguko ni kazi ngumu kuliko kueleza kwa nini hukufanya. Ikiwa majaribio yako ya mazoezi yanacheza karibu na mstari wa kufaulu, sogeza tarehe.

Mjomba wako msalimie. Anachokisema ni kweli kwa njia aliyoijua yeye: daktari mwenye shahada ya nje ya Marekani lazima apitie ECFMG, chombo kinachowathibitisha madaktari waliosoma nje, na ECFMG inadai Step 1 na Step 2 CK. Wewe unasoma chuo cha Marekani, hivyo sharti hilo halikuhusu.

Ukishapata majibu ya zile programu 20, niandikie tuyapitie pamoja.